Kunakili na Kujua

Ndugu msomaji, niliwahi kumdanganya mjomba wangu, tena kwa kitu ambacho sokoni hakiuziki hata kwa bei ya andazi. Tangu siku hiyo nina swali: mtu akinakili jambo likafanya kazi, je, amelijua?

Mjomba alikaa Uingereza miaka mingi. Aliporudi Tanga alikuja na Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa mwaka 1982. Ni kidude kinene cha rangi ya udongo, kibodi yenyewe ndiyo kompyuta, nawe waiunganisha na televisheni. Ukiiwasha inakwambia una baiti 38,911 za kuandikia programu zako. Basi! Picha moja ya simu yangu haiingii humo. Mjomba kanikabidhi pamoja na kitabu cha mwongozo kilichokuja nayo, akasema, "Isemeshe, mpwa wangu, itakujibu."

Mwongozo ule una programu fupi ya mpira unaodunda. Nikakesha nikiinakili herufi kwa herufi. Mpira ukadunda. Asubuhi nikamwita: "Mjomba, njoo uone, nimeandika programu!"

Akatazama, akafurahi. Kisha akasema, "Hebu ufanye uende taratibu kidogo, macho yangu haya ya uzee."

Nikaduwaa. Kila herufi niliiandika kwa kidole changu, na hata mstari mmoja sikujua unafanya nini. Nikamjibu ati mashine ndivyo ilivyo, haipunguzi mwendo. Huo ukawa uongo wa pili, nao ulizaliwa na ule wa kwanza.

Lakini uongo wa kwanza ulikuwa wapi hasa? Katika kunakili? Hapana. Sisi tuliopita chuoni tulihifadhi sura nyingi kabla hatujajua maana ya neno moja, na hakuna aliyetuita waongo. Kuhifadhi ni mlango. Ila aliyehifadhi hasemi "nimetunga". Kosa langu lilikuwa katika lile neno "nimeandika".

Nikaamua kutafuta kitabu kitakachonitoa aibu. Siku hizi vitabu vingi vya mashine hizi vimepigwa picha na vinasomeka katika intaneti, kwa hiyo taabu si uhaba, taabu ni kuchagua. Vipo vitabu vya michezo ya kunakili, kurasa na kurasa za mistari. Upo *Programmer's Reference Guide* wa mwaka 1982, uliotolewa na Commodore wenyewe, una kila amri na hata mchoro wa saketi. Na kipo *Mapping the Commodore 64* cha Sheldon Leemon, cha mwaka 1984, kinachopita ndani ya kumbukumbu ya mashine anwani kwa anwani, kama karani wa sensa.

Tofauti yao ni hii. BASIC ya mashine hii haina amri ya rangi ya pembezoni mwa skrini. Lazima utie namba mahali fulani katika kumbukumbu. Kitabu cha kunakili kinakuamuru: andika POKE 53280,0. Pembezoni panakuwa peusi, basi. Leemon anakueleza kwamba mahali hapo ni pa chipu inayochora picha, na rangi ni 16. Ukishajua hivyo, huhitaji ruhusa ya mtu kujaribu zilizobaki.

Rafiki yangu mmoja akanicheka: "Bwana we, nani ana muda huo? Chukua kinachofanya kazi." Sikumpuuza. Nilipomfungua Leemon mara ya kwanza nilizama. Baada ya wiki nilikuwa na anwani nyingi kichwani na sikuweza kuandika chochote. Ramani haimfai asiyejua anakokwenda. Nikatambua kwamba kitabu cha rejea humjibu mwenye swali, na swali nilikuwa nalo: la mjomba.

Nikarudi kwenye mwongozo wangu mnyonge, mstari baada ya mstari. Nikaukuta mmoja unaoiambia mashine ihesabu moja hadi kumi, bila kufanya lolote. Nilipokuwa nikinakili niliudhani wa kipuuzi. Kumbe ndio breki! Ile kazi ya bure ndiyo inayomchelewesha mpira.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiniuliza uchague kitabu kipi, nitakwambia chagua kile ambacho ukishakifunga waweza kuhojiwa. Anza na kidogo, na usifungue ukurasa wa pili mpaka uweze kuubadilisha wa kwanza. Vile vinene vitangoja maswali yako.

Nikaifanya ile 10 kuwa 100. Mpira ukatulia, ukawa watembea kama mzee aendaye msikitini. Nikamwita mjomba, na kabla hajaketi nikamwambia ukweli: programu ni ya kitabu, changu humo ni sifuri moja tu.

Akautazama mpira kwa muda. "Sifuri hiyo," akasema, "naiona vizuri."