Deni la Baba na Njia ya Mwana

Soma kwa ajili ya somo la leo: Ezekieli 18:1-20, Nehemia 5:1-13, 2 Wafalme 4:1-7.

Fungu la kukariri: Ezekieli 18:20.

Mwaka 597 KK Nebukadreza aliwachukua mateka watu wengi wa Yuda, na Ezekieli akawa miongoni mwao. Waliacha nyumba, mashamba na mizabibu. Wakati ule watu walikuwa na mithali ya zabibu kali: anayekula ni baba, anayeumia meno ni mtoto.

Malalamiko hayo yalikuwa na sababu. Dhambi za Manase zilikuwa zimeiletea Yuda msiba uliowapata hata waliozaliwa baada yake (2 Wafalme 24:3, 4). Lakini mithali ile ilikuwa imegeuka kuwa maficho. Ikiwa kosa lote ni la baba, mwana hana la kutubu, wala hana la kufanya.

Soma Ezekieli 18:5-18. Ni mambo gani yanayohusu mali yanayotajwa katika maisha ya baba, mwana na mjukuu?

Baba humrudishia mdeni rahani yake, huwalisha wenye njaa, wala hakopeshi kwa riba. Mwanawe hunyang'anya, hushikilia rahani na kuwaonea wahitaji. Kisha anakuja mjukuu. Amekulia katika nyumba ya mnyang'anyi na kulishwa kwa mali ya dhuluma. Hata hivyo, fungu la 14 lasema kwamba anayaona matendo ya baba yake, anayatafakari, na hayafuati. Hakupewa baba mwingine. Alichagua njia nyingine.

Hapa ni lazima kutofautisha hatia na matokeo. Shamba lililouzwa na baba mlevi halirudi kwa sababu mwanawe amebatizwa. Binti aliyeacha shule kwa kukosa karo hubeba hasara ambayo hakuitafuta. Matokeo ya dhambi hushuka kutoka kizazi hadi kizazi, kama Kutoka 20:5 inavyoonya. Lakini fungu linalofuata laonyesha kwamba rehema za Mungu huenea mbali zaidi, na Ezekieli anasema wazi kwamba Mungu hamhesabii mwana uovu wa baba yake. Basi mtu anayeambiwa kwamba umaskini wake ni laana ya ukoo, na kwamba laana hiyo hukatwa kwa sadaka maalumu, anatozwa fedha kwa ajili ya hatia ambayo Mungu hakumwandikia.

Soma Nehemia 5:1-13. Ni nini kilichowaingiza watu hawa katika madeni? Nehemia aliwakemea akina nani?

Kulikuwa na njaa, kulikuwa na kodi ya mfalme, na kulikuwa na ndugu waliokopesha kwa riba. Wazazi waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba, na mwishowe wakawatoa wana na binti zao utumwani. Hawakuwa wavivu, watu walikuwa katika kazi ya kuujenga ukuta. Nehemia hakuwaambia waongeze bidii. Aliwakemea wakuu na mashehe, akataka mali irudishwe siku ile ile. Alipowasihi waache riba, alijihesabu pamoja nao, kwa kuwa yeye na watumishi wake pia walikuwa wamekopesha (fungu la 10). Wajibu binafsi, basi, haumhusu mdeni peke yake. Anayeishika rahani naye ataulizwa.

Soma 2 Wafalme 4:1-7. Ni nani waliohusika katika kulilipa deni la marehemu?

Marehemu alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa na deni. Kwa hiyo si haki kulipima deni la kila mtu kama kipimo cha imani yake. Mwenye kumwia alikuwa njiani kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Elisha alimwuliza mjane ana nini nyumbani. Kilikuwepo chombo kimoja cha mafuta. Mungu aliyazidisha mafuta; majirani waliazima vyombo; wana walivileta kwa mama yao; mama akamimina. Kisha aliagizwa auze, alipe deni kwanza, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Muujiza haukumwondolea mjane wajibu wa kulipa. Ulimpa uwezo wa kulipa. Nao wana, ambao deni la baba lilikuwa karibu kuwafanya watumwa, walitumia mikono yao katika ukombozi wao wenyewe.

Ndivyo Injili inavyofanya kazi katika nyumba yenye madeni ya zamani. Inamwondolea mwana hatia isiyo yake, inamwita aliye na mali afungue mkono, na inamwuliza kila mmoja ana nini nyumbani.

Maswali ya kujadili

1. Ni tabia gani kuhusu fedha uliyoiona kwa wazazi wako ambayo ungependa kuiendeleza? Ni ipi ambayo ingefaa iishie kwako?

2. Je, ni haki watoto kulipa mkopo ulioachwa na mzazi aliyefariki? Kanisa lenu linaweza kuazima "vyombo" gani kwa familia kama hiyo?

3. Tunawezaje kumhimiza mtu maskini afanye bidii bila kumlaumu kwa mambo ambayo hakuyasababisha?