Ndege Isiyochoka

Hercules ni ndege yenye sifa, na sifa zake ndizo zilizoiponza. Watu wa Afrika Mashariki wa rika fulani wanaijua: ile ndege nene yenye mabawa mgongoni na panga nne, iliyotua Entebbe usiku wa Julai 1976 ikiwa na makomando wa Israeli, ileile iliyounguruma Lokichoggio miaka ya 1990 ikipeleka magunia ya chakula Sudan Kusini na kuyamwaga kutoka angani. Inatua kwenye vumbi, inabeba kinachobebeka, ikiharibika inatengenezwa na kurudi kazini. Ya kwanza iliruka Agosti 1954 huko Burbank, California, na mpaka leo za ukoo huo bado zinaundwa. Chombo kikidumu hivyo, watu huanza kukizungumzia kana kwamba hakizeeki.

Hercules moja ya toleo la kwanza, C-130A, ilitoka kiwandani mwaka 1957. Ililitumikia Jeshi la Anga la Marekani miaka ishirini hivi, kisha ikastaafishwa. Mwaka 1988 ilifufuliwa na kupewa kazi ambayo wabunifu wake hawakuifikiria: kuzima moto wa misitu. Njia iliyoifikisha huko ni kichekesho kichungu. Idara ya Misitu ya Marekani ilipata ndege zilizoachwa na jeshi, nazo zikaenda kwa kampuni binafsi za kuzima moto; kampuni hizo, kwa upande wao, zilitoa ndege zao kongwe ziwekwe kwenye makumbusho. Yaani walikabidhi mikangafu iliyostahili kutazamwa na watoto wa shule, wakapokea mingine ambayo nayo haikuwa mbali na siku hiyo. Ndege yetu iliangukia kwa kampuni moja ya mji mdogo wa Greybull, Wyoming. Ikafungwa tangi, ikapakwa rangi, ikapewa namba 130.

Kazi hiyo inataka kuelezwa taratibu, maana siri yote imo humo. Tangi lilichukua takriban lita 11,000 za maji mekundu yenye dawa ya kuzuia moto, uzito wa tani 12 au zaidi kidogo. Rubani hushuka kwenye bonde au ubavuni mwa mlima, chini kabisa, ambako hewa ya moto inapanda na kushuka kwa fujo. Anafungua milango ya tangi, na kwa sekunde chache tani kadhaa zinaondoka. Mabawa yaliyokuwa yakibeba mzigo huo hayajui kwamba umeondoka. Yanaendelea kuinua kwa nguvu ileile, na ndege inarushwa juu. Wakati huohuo rubani naye anavuta usukani ili akwepe mlima ulio mbele. Nguvu zote hizo hukutana katikati, pale mabawa yanaposhikana na kiwiliwili.

Kila bawa linapojipinda kwenda juu, bati la upande wa chini huvutwa. Likirudi, hulegea. Aliyewahi kukata waya wa uzio bila koleo anajua kinachofuata: unaupinda huku na huku, hauonyeshi chochote, unaupinda tena, na ghafla una vipande viwili mkononi. Mafundi huuita uchovu wa metali. Hautibiwi kwa kupumzika. Bati likishachoka limechoka, na miaka ya kuegeshwa chini ya jua hairudishi kitu.

Sasa angalia ratiba ya ukaguzi. Ilitokana na maisha ya jeshini, maisha ya kubeba masanduku na askari kutoka uwanja hadi uwanja, sehemu kubwa ya safari ikiwa juu kwenye hewa tulivu. Saa moja ya safari ya namna hiyo na saa moja ya kupigana na moto bondeni ziliandikwa kwenye daftari kama saa moja na saa moja. Hakuna aliyedanganya. Daftari lenyewe halikuwa na mahali pa kuandika tofauti hiyo.

Tarehe 17 Juni 2002, mchana, ndege namba 130 ilikwenda kuuzima moto ulioitwa Cannon karibu na Walker, California. Ndani walikuwa watu watatu. Ilimwaga sehemu ya mzigo wake, na ilipokuwa ikimaliza kumwaga, bawa la kulia lilikunjika kwenda juu na kung'oka. Haikupita hata sekunde moja, la kushoto likafuata. Mpigapicha wa televisheni alikuwa chini na kamera yake, ndiyo maana ulimwengu uliona: kiwiliwili bila mabawa kikijiviringa kwenda ardhini. Wote watatu walikufa. Picha hizo bado zinazungushwa, na mara nyingi anayezituma huzituma kwa mshangao tu. Mimi naona wachache wanaozitazama huuliza bawa lilianza kukatika lini.

Lilianza zamani. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri walikuta nyufa kwenye bati la chini la bawa la kulia. Zilianzia kwenye matundu ya ribiti, chini ya bati la pili lililopigiliwa hapo ili kuongeza nguvu. Zilikua kidogo kidogo, zikakutana, zikawa ufa mmoja wa takriban sentimita 30. Methali ya wahenga kuhusu kuziba ufa kila mmoja wetu anaijua, lakini hapa ufa ulizaliwa chini ya kiraka, mahali ambapo jicho la fundi mwenye tochi halifiki. Kuuona kulihitaji vifaa vya kupima ndani ya bati, na kabla ya vifaa kulihitaji mtu aliyekwisha kushuku.

Na sababu ya kushuku ilikuwapo. Tarehe 13 Agosti 1994, Hercules nyingine ya toleo hilohilo, nayo ya kuzima moto, ilisambaratika angani karibu na Pearblossom, California, ikiwa njiani kuelekea kwenye moto. Watu watatu walikufa. Uchunguzi ulipofungwa, jibu lilikuwa mlipuko wa mafuta ndani ya bawa. Jibu lilitosheleza, maana kulikuwa na dalili za moto, na kila mtu alitaka kuendelea na kazi. Ni baada ya Walker ndipo mabaki ya Pearblossom yalipotazamwa upya, na kwenye bawa zikakutwa nyufa za uchovu. Sababu iliyoandikwa ikabadilishwa. Kwa miaka minane nyufa hizo zilikuwa zimelala kwenye mabaki, na ndugu wa ndege ile waliendelea kuruka mabondeni kwa sababu faili lilisema tatizo lilikuwa mafuta. Kati ya yote katika mkasa huu, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jibu lisilo sahihi lina hatari kuliko kukosa jibu, kwa kuwa hukomesha maswali.

Mwezi mmoja baada ya Walker, tarehe 18 Julai 2002, ndege ya doria ya jeshi la majini iliyoundwa mwaka 1945, aina ya PB4Y-2, ilipoteza bawa la kushoto karibu na Estes Park, Colorado, ikiwa kwenye kazi ileile. Watu wawili walikufa. Hapo napo ulikutwa ufa wa uchovu, na hapo napo ulijificha: matangi ya dawa ya kuzimia moto yalikuwa yamepaziba. Kile kilichoifanya ndege hiyo iwe ya zimamoto ndicho kilichomzuia fundi asiuone ugonjwa wake.

Ukisoma ripoti za wachunguzi unakutana na manahodha wengi na chombo kikienda mrama. Idara ya Misitu ilikodi ndege, ikaona usalama wa bati ni wajibu wa kampuni na mamlaka ya usafiri wa anga. Mamlaka nayo iliona kwamba ndege inayofanya kazi ya serikali haiko chini ya usimamizi wake inapokuwa kwenye moto. Kampuni ikafuata ratiba iliyorithiwa. Mwaka 2004 Bodi ilikata shauri kwamba mwenye kazi ndiye mwenye dhamana: Idara inayowatuma watu mlimani ndiyo yenye wajibu wa kujua hali ya chombo wanachopanda.

Kauli hiyo ilipokelewa kwa namna ya kipekee. Mwezi Mei mwaka huohuo Idara ilisitisha mikataba ya ndege 33 kubwa za kuzima moto kwa mkupuo, ikisema haina njia ya kuthibitisha kwamba ni salama. Baadhi zilirudi baadaye, baada ya kampuni zao kuonyesha historia ya kila bawa na kufunga vifaa vya kupima misukosuko ya kila safari. Hercules za toleo la A hazikuwamo, maana ziliondolewa mapema zaidi. Jopo la wataalamu lililoundwa baada ya ajali lilitoa taarifa yake Desemba 2002, na muda wa ndege hizo kwenye moto ukawa umekwisha. Mabawa ya Hercules za matoleo yaliyofuata yaliundwa kwa nguvu zaidi. Hizi zilibaki na bawa la asili, jepesi, lililochorwa kabla hatujajua ndege inaweza kutumika miaka hamsini.

California haikuiacha Hercules. Ndege saba za toleo la H zilizokuwa za Walinzi wa Pwani zilitengwa kwa kazi ya moto, na mwaka 2024 ya kwanza ilianza kuruka na rangi za idara ya zimamoto ya jimbo. Kati ya kutengwa na kuruka ilipita miaka kumi. Watu walinung'unika, magazeti yakauliza ndege ziko wapi huku misitu ikiteketea. Sehemu ya muda huo ilikwenda kwenye kuondoa sanduku la katikati la mabawa, lile linaloyashikanisha na kiwiliwili, na kufunga jipya, kabla tangi halijajazwa.