Tarehe Isiyokuwa Yangu: Je, Shajara Yaweza Kudanganya?

Mtu akiandika leo katika shajara yake habari za siku iliyopita miaka mingi, kisha akazipa tarehe ya siku hiyo, je, amesema uongo? Wenzangu niliowauliza walijibu upesi kwamba hapana: shajara ni mali ya mwenyewe, na mtu hajiibii. Naona walijibu upesi mno.

Kwanza nieleze chombo chenyewe, maana swali limezaliwa humo. Natunza shajara kwa programu huria iitwayo jrnl. Haina picha wala vitufe vya kubofya. Unafungua dirisha la amri, unaandika jina la programu, unaendelea na sentensi yako, unamaliza. Kila habari huwekwa katika faili moja la maandishi matupu, ikitanguliwa na tarehe na saa ndani ya mabano ya mraba. Faili hilo husomeka katika kompyuta yoyote, hata kuukuu, bila intaneti, na maandishi ya mwaka mzima huwa mepesi kuliko picha moja ya simu. Kwetu Gasorwe, ambako kuchaji kompyuta ni shughuli ya kupangia siku, wepesi huo si jambo dogo.

Programu hii huelewa tarehe ukiiandikia kwa Kiingereza au kwa tarakimu. Jana na juzi haivijui. (Sijui ingefanya nini na Kirundi, ambacho neno lake ejo ni jana na pia ni kesho, na kitenzi ndicho huamua.) Ukiipa tarehe ya zamani, huipanga habari mahali pake kana kwamba iliandikwa siku ile ile. Haitenganishi siku ya tukio na siku ya kuandika. Habari moja, tarehe moja.

Sasa nije kwenye kisa. Wakimbizi kutoka Kongo wamekuwa Gasorwe tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jamaa yangu ni miongoni mwao. Mtu aliyekimbia huulizwa safari yake mara nyingi: akifika, baada ya miaka, na tena anapotafutiwa nchi nyingine. Siku zikipishana kati ya simulizi la kwanza na la tatu, msikilizaji huanza kushuku. Ndiyo sababu mama aliponiona naandika kila jioni aliniambia, “Mwanangu, humo humo tuwekee na habari ya bibi yako. Uiweke kwenye siku yake.” Bibi alifariki njiani kabla ya kuvuka Ruzizi, mwaka 2002, mwezi wa kumi, Uvira ilipokuwa ikipiganiwa. Siku yenyewe mama haijui. Anajua kwamba mvua ilikuwa imeanza na kwamba walikuwa wametembea usiku mbili.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Programu haijali. Ningeiandikia siku yoyote ya Oktoba 2002 ingeipokea, na kwa kuwa sikutaja saa ingejaza yenyewe saa 3:00 asubuhi, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa na walioitengeneza. Fikiria basi mtu anayeisoma: kifo kina siku, kina saa, kimo katika faili pamoja na mamia ya siku nyingine za kweli. Kila neno la mama lingekuwa kweli, ila kichwa cha habari kingedai jambo ambalo hakuna aliyelisema: kwamba palikuwa na mwandishi siku hiyo.

Hapo ndipo naachana na wanaosema mtu hajiibii. Anayeandika tarehe amekwisha kumfikiria msomaji, hata kama msomaji huyo ni yeye mwenyewe atakapozeeka. Tarehe ni ahadi kwamba mkono huu ulikuwa karibu na jambo hili. Nywila haiponyi hilo, maana inamzuia jirani, haimzuii mwenye faili. (Hata jirani haizuii vizuri: dirisha la amri lina kawaida ya kuweka kumbukumbu ya mistari uliyoandika, kwa hiyo unaweza kuifunga shajara kwa kufuli huku nakala ikibaki mlangoni.)

Karatasi ilikuwa na uadilifu wake wa asili. Anne Frank, baada ya kusikia redioni mwaka 1944 wito wa kuhifadhi shajara za wakati wa vita, alianza kuiandika upya ya kwake, akifupisha na kubadilisha. Hatumwiti mwongo, na sababu mojawapo ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya kwanza ilisalia, nasi twaweza kuweka matoleo mawili ubavu kwa ubavu. Karatasi iliyokatwa mstari hubaki na kovu. Faili la maandishi matupu halina kovu. Ukibadili tarakimu moja, iliyokuwapo imekwenda. Mtu aweza kutumia Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ili kila badiliko litunzwe. Mimi naitumia. Lakini historia hiyo nayo aijuaye aweza kuiandika upya, kwa hiyo tumerudi kwa mtu na nia yake.

Hata hivyo mama ana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Kwa nini ukweli wake upungue kwa kukosa tarakimu? Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Tarehe humo ni chache. Tunazifuata safari zake kwa mfuatano: baada ya pale tukafika hapa. Ndivyo mama anavyosimulia, na ndivyo watu wengi wanavyokumbuka kukimbia. Kumdai siku na saa mtu aliyembeba mtoto usiku ni kumpima kwa mizani ya ofisi. Lakini kumbandika tarehe ya kubuni ili mizani ikubali ni kukiri kwamba maneno yake peke yake hayatoshi, na mimi nasema yanatosha.

Kwa hiyo nimeandika habari ya bibi chini ya tarehe ya siku mama aliyonisimulia, nikianza na jina la mama na neno “anasema”, kisha mvua, kisha usiku mbili, kisha mto. Nilipomsomea alinyamaza kidogo, halafu akaniambia, “Sasa watasema nimeikumbuka juzi.”

Yawezekana watasema hivyo. Sijapata la kumjibu, na sijaibadilisha.