Mpiga Kura Wetu na Mpiga Kura Wao

Fomu 34A, ya matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, haina mahali pa mpiga kura kuandika sababu ya chaguo lake. Ina idadi ya waliojiandikisha kituoni, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa na sahihi za mawakala. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, iliziweka fomu hizo mtandaoni, za vituo zaidi ya 46,000, na vyombo vya habari vikakimbilia kujumlisha. Kwa siku mbili tatu hesabu za stesheni moja ya televisheni hazikufanana na za jirani yake, kisha zikaanza kuzorota. Tarehe 15 Agosti, pale Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlishia kura, vurugu za jukwaani zilipotulia, mwenyekiti wa tume Wafula Chebukati akamtangaza William Ruto mshindi: kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga.

Namba ikawa imetoka, sababu ikabaki kutafutwa. Wachambuzi wengi hawakuitarajia. Kura za maoni za mwisho zilimweka Raila mbele, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alimuunga mkono, na mgombea mwenza wa Raila alikuwa Martha Karua wa Kirinyaga. Eneo la Mlima Kenya, kwao Uhuru na Karua, halikujali. Hata Kiambu, nyumbani kwa Uhuru, ilimwendea Ruto. Wale ambao matokeo yaliwachoma wakaeleza: vijana wamelaghaiwa na wilibaro, nembo ya chama cha Ruto, maskini wamenunuliwa, watu wamefuata upepo. Kote humo mpiga kura ni kitu kilichosukumwa. Lakini yule aliyempigia Raila hakusukumwa na mtu. Yeye alipima sera, akakumbuka miaka ya kupigania mageuzi, akaamua kwa akili zake.

Ushindi ungekwenda kwingine, upande wa pili ungesema vivyo hivyo. Wala sina shaka na hilo.

Mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson, katika makala yake ya mwaka 1962 kuhusu uhuru na kinyongo, alitofautisha namna mbili za kumkabili mtu. Unaweza kumchukua kama mwenzako: ukamkasirikia, ukamshukuru, ukabishana naye. Au unaweza kumtazama kama jambo la kushughulikiwa, jinsi daktari anavyomtazama aliyerukwa na akili. Namna hii ya pili si dhambi, na mara nyingine hatuna budi. Ila uliyemweka huko huwezi tena kumlaumu. Ndiyo maana ile huruma ya studioni, “maskini, hawakujua walitendalo”, ina dharau kuliko tusi. Anayekutukana walau amekubali kwamba ulijua unachofanya.

Tazama pia jinsi hukumu hiyo juu ya wapiga kura ilivyoning’inia padogo. Tofauti ilikuwa kura 233,211. Watu wasiofika 117,000 wangehama upande, Raila angekuwa mbele, na taifa lilelile, kwa mamilioni yaleyale ya kura ambazo hazikuguswa, lingesifiwa jioni hiyo kuwa limekomaa.

Nitaambiwa kwamba noti hugawiwa kweli. Hugawiwa, na kambi zote. Kuna wanaopokea za huku na za kule kisha wakapiga kura wapendavyo. Na matokeo kweli yanaweza kuwa mabovu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais; mwaka 2022, tarehe 5 Septemba, ikatupa maombi ya waliopinga. Mara zote mbili mabishano yalihusu fomu, usafirishaji wa matokeo na mwenendo wa tume. Majaji hawakuulizwa kama watu wa Kiambu wana akili. Mchambuzi aliyeumia huyachanganya maswali haya mawili: akishindwa kuonyesha kwamba kura ziliibwa, husema akili za wapiga kura ndizo zilizoibwa.

Ninachodai si kwamba mpiga kura wa Ruto alikuwa sahihi. Nadai achukuliwe kuwa alikuwa na hoja, kwa sababu hoja hujibika. Mama mboga aliyetaka mtaji bila dhamana alisikia ahadi ya mtaji bila dhamana, akaichagua. Tarehe 30 Novemba 2022 Hazina ya Hasla, mfuko wa kutoa mikopo hiyo, ilizinduliwa, na mkopo wa mtu binafsi ukaanzia shilingi 500, wa kulipwa ndani ya siku 14. Mchambuzi aliyemchukulia mama huyo kuwa amepumbazwa hana la kumuuliza sasa. Aliyekubali kwamba alihesabu anaweza kwenda kibandani kwake na kumuuliza shilingi 500 zinanunua sukuma wiki mafungu mangapi kwa bei ya jumla, na akajibiwa.