Deni kwa Aliyelala

Mwaka 1903 ujumbe wa Waadventista Wasabato ulifika Giti, katika milima ya Upare Kusini, ukaenea katika vijiji vya milima ile. Katika kimojawapo aliishi bibi mmoja mkulima. Shamba lake lilikuwa la mteremko: migomba na kahawa karibu na nyumba, mahindi na maharage chini yake, na nyuma ya jiko bustani ndogo ya mchicha na mnavu. Maji ya kumwagilia yalitoka kwenye ndiva, yaani bwawa linalojaa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Zamu yake ilipoangukia Sabato aliiacha ipite, na juma hilo mboga zilimwagiliwa kwa ndoo. Mbegu za maharage alizichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Kwa jembe la mkono alilea watoto saba, na baadaye wajukuu walioachwa na binti yake.

Majirani walimjua zaidi kwa mistari miwili ya maharage iliyokuwa kando ya njia. Hakuivuna kamwe. Mjane wa jirani aliichuma bila kuomba, na mpita njia mwenye njaa vivyo hivyo. Bibi alikuwa amesoma Mambo ya Walawi 19:9, 10, akalichukua agizo lile kama lilivyo. Siku zake za mwisho alimwita mjukuu aliyekuwa akilima pamoja naye, akamwambia, “Mjukuu wangu, ile mistari miwili usiivune.” Kijana akajibu, “Nimesikia, bibi. Sitaivuna.”

Baada ya mazishi akapatikana mnunuzi wa tangawizi, na kila hatua ya ardhi ikawa na bei. Kijana alipoanza kupima hadi ukingo wa njia, binamu yake alimwonya kwamba bibi atakasirika na mavuno yataharibika. Afadhali lifanyike tambiko kwanza. Kijana, aliyekulia katika Shule ya Sabato, alijibu kwamba bibi amelala na hana habari ya lolote. Kisha akaongeza, “Kama hajui nimevuna au sijavuna, nani ataumia?”

Je, ahadi aliyopewa mtu hufa pamoja naye?

Soma Mhubiri 9:5, 6 na Ayubu 14:21. Mafungu haya yanatuondolea hofu gani?

Katika nusu ya kwanza ya jibu lake kijana alisema kweli. Bibi hana hasira, wala halaani mimea. Ayubu anasema kwamba hata watoto wa marehemu wakiheshimiwa au wakidharauliwa, yeye hajui. Basi tambiko linajaribu kumtuliza mtu ambaye tayari ametulia. Hii ni faraja kubwa kwa familia zilizoishi muda mrefu chini ya hofu ya wafu.

Lakini angalia nusu ya pili. Kweli iliyotolewa ili kuondoa hofu sasa inatumika kuondoa wajibu. Binamu angeiacha mistari ile kwa sababu anaogopa. Kijana anataka kuivuna kwa sababu haogopi. Wanabishana, kumbe wanakubaliana katika jambo moja: kwamba ahadi hutunzwa pale tu aliyeahidiwa anapoweza kukuadhibu. Hapo ndipo wote wawili wanapokosea.

Soma 1 Samweli 20:14–17, 42 na 2 Samweli 9:1–7. Kwa nini Daudi alimtafuta Mefiboshethi?

Yonathani alikuwa amekufa katika vita vya Gilboa. Hakuweza kujua kama Daudi amekumbuka au amesahau. Mwanawe Mefiboshethi alikuwa kiwete, akiishi nyumbani mwa mtu mwingine huko Lodebari, bila jeshi na bila mtetezi. Kwa hesabu ya siasa, mfalme mpya hakuwa na faida yoyote ya kumtafuta mjukuu wa Sauli. Hata hivyo Daudi alimtafuta, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake.

Sababu ni kwamba kiapo kile kilifanywa mbele za Bwana. Mmoja wa wale wawili alilala, lakini Shahidi wao hakulala. Tena kiapo kilimhusu mtu aliye hai. Yonathani kaburini hakuhitaji chakula, Mefiboshethi alikihitaji. Ndivyo ilivyo kwa mistari miwili ya bibi. Yeye hahitaji tena maharage, ila mjane bado anapita pale na ungo wake.

Je, basi kila agizo la marehemu linatufunga? Hapana. Bibi huyu huyu aligombana na dada yake juu ya zamu ya maji, wakanuniana miaka mingi, na aliwakataza watoto wasile katika nyumba ile. Agizo hilo lilistahili kuzikwa. Biblia inayotusimulia uaminifu wa Daudi kwa Yonathani haifichi alilomtendea Uria. Kumkumbuka mtu kwa kweli si kumpaka chokaa. Katika 2 Timotheo 1:5 Paulo anapomtaja Loisi, bibi yake Timotheo, anachokumbuka ni imani iliyokaa ndani yake. Hiyo ndiyo ya kurithi. Mengine tunayapima kwa Neno.

Kijana alirudi kuyasoma mafungu ya Daudi na Yonathani kabla ya mvua kuanza. Msimu ule alipanda tangawizi shamba zima, isipokuwa mistari miwili. Mjane alikuja, akachuma, akaenda zake, kama alivyozoea. Baadaye kijana alibeba mkungu wa ndizi hadi kwa yule dada wa bibi, akakaa, akala huko.

Siku ya ufufuo (1 Wathesalonike 4:13–17) bibi ataamka bila kujua lolote la miaka hiyo. Wapo watakaomsimulia. Heri mjukuu atakayeweza kusimulia bila kuinamisha uso.

Maswali ya Kujadili

1. Ni ahadi gani uliyompa mtu ambaye sasa amelala? Nani aliye hai anaguswa nayo?

2. Kama watoto wa kijana huyu wangekuwa na njaa, je, angeruhusiwa kuivuna ile mistari miwili? Jadilini kwa nini ndiyo au kwa nini hapana.

3. Katika mazishi ya kwenu, mnawezaje kumkumbuka marehemu kwa ukweli bila kumwaibisha na bila kumfanya mtakatifu asiye na kosa?