Subira ya mke wa majeruhi isiwe kisingizio chetu

Katika mji wetu huu wa Dar es Salaam, pikipiki inapomgonga mtu pale Msimbazi au Lumumba, maswali yetu huwa mawili tu: Amekufa? Kama hakufa, amepona? Tukiambiwa ameruhusiwa kutoka wodini, tunasema Alhamdulillah, tunapeleka mkono wa pole, na shauri limekwisha. Mimi naomba tulifungue tena shauri hilo. Kwa aliyeumia ubongo, na kwa mkewe na mama yake, siku ya kuruhusiwa ndiyo mwanzo wa msiba usio na matanga.

Sisi wa Kariakoo tuko jirani na Muhimbili. Taasisi ya MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, inapokea majeruhi wa vichwa na kuwafanyia upasuaji. Watu ambao zamani tungewazika, leo wanarudi nyumbani, na hiyo ni neema. Lakini daktari akishaondoa damu iliyovujia ndani ya fuvu, hawezi kurudisha kila kilichopotea. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kupima mambo, kupanga na kuzuia hasira. Ikiumia, mtu anaweza kutembea, kula na kuongea vizuri, na bado akawa hana kumbukumbu ya jana wala breki ya ulimi.

Namfahamu ndugu mmoja aliyekuwa na meza ya vyombo Kariakoo. Alichukua mali kauli kwa wenye maduka, na kauli yake ilikuwa imara kuliko hundi. Baada ya ajali, hakumbuki nani anamdai wala yeye anamdai nani. Anafoka kwa jambo dogo. Akipata shilingi anaitoa kwa yeyote anayemchekea. Kijiweni wanasema anajifanya, kwa kuwa hana gongo wala bandeji. Wengine wanasema ni jini. Na mkewe kila anakopita anaambiwa: "Shemeji, subiri, hii ni mitihani ya Mwenyezi Mungu."

Hebu tujiulize: mtu huyu ana dosari ya tabia au ana maradhi? Je, tumlaumu?

Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kalamu imeondolewa kwa aliyelala mpaka aamke, kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Ugumu ni kwamba akili za majeruhi huyu hazikuondoka zote. Asubuhi ana busara, jioni hana. Basi hatuwezi kumweka kwenye fungu la wendawazimu tukamaliza, wala kumhukumu kama mzima. Inatulazimu tumjue yeye mwenyewe, lipi analimudu na lipi halimudu, na mambo ya ibada na talaka tuwapelekee masheikh wakiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Atasema msemaji: kama hana lawama, mkewe avumilie kipigo? Hapana. Kuondolewa dhambi si kuondolewa madhara. Wanazuoni wetu wamesema hata mtoto mdogo akiharibu mali ya mtu, hulipwa kutoka katika mali ya mtoto huyo. Haki ya aliyedhurika haifutwi na udhuru wa aliyedhuru, na dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Mke akihitaji kulala kwa ndugu zake ili asalimike, asiitwe msaliti.

Na kuhusu mali kauli, majibu tunayo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni. Humo humo Mwenyezi Mungu (SW) amemkumbuka mdaiwa asiye na akili timamu, au dhaifu, au asiyeweza kutamka mwenyewe, akaamuru walii wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Kwa hiyo mdai mwema haendi kumvizia mgonjwa chumbani. Anaketi na walii, na deni linaandikwa, la kulipa na la kulipwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 5, tumeamrishwa tusiwaachie mali wasioweza kuiendesha, lakini tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao maneno mazuri. Hayo maneno mazuri yameamrishwa pamoja na chakula.

Yuko Mmarekani mmoja, Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli, ambaye mwaka 1848 chuma kilimpenya kichwani akapona. Rafiki zake walisema huyu si Gage tuliyemjua, na kwa sababu ya maneno hayo akawa mfano vitabuni. Kinachosahaulika ni kwamba baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi yenye saa zake na utaratibu wake. Alipopewa nafasi, aliiweza.

Basi tutoke kwenye mimbari ya subira. Subira ni ibada ya aliyefikwa na mtihani. Sisi tusiofikwa tumeamrishwa kusaidiana katika wema, na anayemhubiria mwenzake subira huku mikono yake iko mfukoni amejipunguzia kazi tu.

Msikiti unaweza kupanga vijana wakae na mgonjwa kwa zamu, mke apate kwenda sokoni. Mwenye fremu anaweza kumpa kazi moja ileile, saa ileile. Wanaojua sheria waieleze familia kwamba kila chombo cha moto kinatakiwa kiwe na bima, angalau ile ndogo, ambayo kwayo aliyegongwa anaweza kudai fidia. Kwa hiyo PF3 na karatasi za hospitali zitunzwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuishia kwenye viungo vya mwili, imetaja na sababu za kiakili. Tumsindikize mama huyo mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, mume wake aandikwe, kwa sababu ulemavu usioonekana barabarani hauandikwi mpaka pawepo wa kuusemea.

Safari nyingine utakapokutana na mke wa majeruhi, usianze na neno subira. Muulize: "Shemeji, kesho nije saa ngapi?"

Wabillahi tawfiq.