Uzio, Geti na Amri ya Tisa

Swali tunalotaka kulitafakari hapa linasikika dogo, lakini limeleta ugomvi katika nyumba nyingi za washarika wetu. Mkristo akiwa na hati ya eneo lake, mipaka yake imepimwa, kibali amepata, kisha akajenga ukuta na kuweka geti, je, amekwisha kumaliza wajibu wake kwa jirani?

Wengi wetu tungejibu ndiyo. Mtu aliyefuata sheria amdhuru nani? Lakini tukilichunguza swali hili kwa Neno la Mungu na kwa Katekisimo tuliyofundishwa tukijiandaa kwa kipaimara, tutaona kwamba jibu hilo ni nusu tu.

Tuanze na hali yetu ilivyo. Huku Nyakitonto na vijiji vya jirani bado nyumba nyingi hazina uzio, au zimezungushiwa minyaa, miti na matete. Lakini mambo yanabadilika. Anayeuza vizuri maharage yake, mwenye duka, mtumishi anayejiandaa kustaafu, kila mmoja akipata fedha kidogo huwaza matofali, seng'enge na geti la chuma. Ukienda Kasulu mjini utaona kuta zilizopandwa vipande vya chupa juu, na maandishi ya kuonya kwamba ndani kuna mbwa mkali. Kinachoonekana mjini leo, kesho kitakuwa kwetu.

Hatuandiki ili kulaumu uzio. Kwa Kiha, kama kwa Kirundi cha ng'ambo ya mpaka, neno urugo ni boma lililozungushiwa, na neno hilohilo ni familia inayoishi ndani yake. Wazee wetu hawakuona aibu kuzungushia miji yao. Uzio huzuia mbuzi wasile muhogo. Huwalinda watoto wasikimbilie barabarani. Na katika ukanda huu wa Kibondo na Kasulu tunakumbuka miaka ya ujambazi, magari ya abiria yalipokuwa yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Mtu aliyewahi kuvunjiwa mlango usiku hatuna haki ya kumwambia kwamba anayejenga ukuta hana imani. Hata Mungu mwenyewe, katika wimbo wa shamba la mizabibu wa Isaya sura ya 5, anaonekana kama mwenye shamba aliyelizungushia ua. Ua ule ulikuwa sehemu ya utunzaji wake.

Wala hatuandiki ili kudharau sheria za uzio. Kuna ndugu wanaodhani kanuni za ujenzi ni usumbufu wa ofisi tu, na kwamba mambo ya Mungu yako mbali nazo. Wasome Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mwisraeli anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hiyo ni kanuni ya ujenzi, na imo katika Torati, kitabu kimoja na agizo la kumpenda Mungu kwa moyo wote. Aliyejenga ukingo hakuujenga kwa ajili yake peke yake, kwa kuwa yeye alilijua dari lake. Alimjengea mgeni.

Ndivyo zilivyo na sheria za nchi yetu zikieleweka vizuri. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka mtu aliye katika eneo la mji lililopangwa apate idhini ya mamlaka kabla ya kuliendeleza. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja akijenga apendavyo, gari la zimamoto halitapita, maji ya mvua yatakosa pa kwenda, na mgonjwa atabebwa mgongoni kupitia vichochoro. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka huohuo, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5. Wengi wameijua sheria hii kwa alama ya X iliyopigwa ukutani. Inauma, hasa kwa aliyejenga kabla ya mabadiliko, naye ana haki ya kudai fidia yake. Lakini anayejenga leo ndani ya hifadhi, huku akijua, anamwibia kila mpita njia. Na kwetu vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mipaka ihakikiwe kabla ya hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa, na wanaohakiki waangalie pia maslahi ya wanawake, watoto, wenye ulemavu na wasiokuwepo. Sheria inayomkumbuka asiyekuwepo ni sheria ambayo Mkristo anapaswa kuiheshimu.

Kwa hiyo tumtii Mungu katika mambo haya pia. Anayesogeza bikoni usiku amevunja sheria ya nchi, na pia amejiweka chini ya laana ya Kumbukumbu la Torati 27:17, ambayo watu wote walitakiwa kuiitikia kwa Amina.

Sasa tufike kwenye ugumu wenyewe. Tuchukue mfano. Vijiji vyetu vingi vilipangwa upya wakati wa Operesheni Kigoma, miaka ya mwanzo ya 1970, watu walipohamishwa kutoka katika miji yao iliyotawanyika milimani wakawekwa pamoja. Viwanja viligawiwa, lakini njia za miguu hazikuchorwa na mtu. Zilichorwa na miguu ya watu wanaokwenda mtoni, shambani, shuleni na kanisani. Mtu mmoja ana kiwanja ambacho njia ya namna hiyo inakatiza. Amekipata kihalali, hati anayo, na katika hati njia haimo. Anajenga ukuta, anafunga geti. Nyuma yake anaishi mama mjane anayechota maji bondeni. Jana alikuwa akienda na ndoo yake dakika kumi. Leo anazunguka nusu saa, na wakati wa masika njia ya kuzunguka ni utelezi mtupu. Yule mama hana karatasi ya kuonyesha. Akienda kulalamika, anaoneshwa hati.

Je, mwenye ukuta amevunja sheria? Huenda hapana. Je, amevunja amri?

Hapa ndipo Katekisimo inapotusaidia. Katika hesabu yetu ya Kilutheri, amri ya tisa inakataza kutamani nyumba ya jirani. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuifafanua amri hii kwa habari ya wezi. Wezi walikwisha kusemwa katika amri ya saba. Aliielekeza kwa mtu anayejipatia cha jirani kwa njia inayoonekana ya haki, na katika Katekisimo Kubwa akaeleza kwamba amri hii inawahusu hasa wale wanaosifiwa kuwa ni waaminifu, watu ambao hakuna hakimu atakayewatia hatiani. Kisha akaongeza upande wa pili, ambao mara nyingi tunausahau tukishakariri: kwamba tumsaidie jirani abaki na kilicho chake.

Abaki na kilicho chake. Ile njia ya kwenda majini ilikuwa ya yule mama, ingawa haimo katika hati yoyote. Ilikuwa sehemu ya maisha yake, kama kivuli cha mwembe wa jirani kilivyo cha watoto wanaochezea chini yake. Aliyeifunga hakuchukua hata shubiri moja ya ardhi yake. Amechukua dakika arobaini za kila siku, kwenda na kurudi, kutoka katika mwili wa mtu mzima aliyechoka. Amri ya tisa inaliona hilo, hata kama baraza halilioni.

Mwenye ukuta ana hoja zake, na ni haki tumsikilize. Atasema: njia ile ilikuwa inaleta mbuzi za watu kwenye bustani yangu. Wapita njia walikuwa wakichuma maembe yangu. Usiku sikujua apitaye ni nani. Hoja hizi ni za kweli, na jirani naye ana amri za kushika. Anayetaka kupita kwa mwenzake afunge mbuzi wake, aonye watoto wake, na asiifanye njia kuwa mali yake ya kujivunia. Upendo wa jirani si kumwacha mtu mmoja abebe hasara za wote. Lakini hoja hizi zinadai mazungumzo, na ukuta ukishajengwa kabla ya kuzungumza, unakuwa ndio jibu, na hakuna la kuongeza.

Tusome tena habari ya tajiri na Lazaro katika Luka 16. Tumezoea kumfikiria tajiri kuwa mtu mkatili, lakini Yesu hakusema kwamba alimfukuza Lazaro wala kwamba alimpiga. Hatuambiwi kwamba mali yake ilikuwa ya wizi, au kwamba nyumba yake ilijengwa pasipo haki. Tunaambiwa tu kwamba maskini alilazwa penye lango lake. Neno la Kigiriki analotumia Luka ni la lango kubwa la kuingilia, si mlango wa chumba. Lazaro alikuwa nje ya geti, na tajiri alikuwa ndani. Kila siku geti lilifunguliwa na kufungwa, na hakuna kilichopita kwenda kwa Lazaro. Mwisho wa habari kuna shimo kubwa kati yao ambalo hakuna awezaye kulivuka. Tunaweza kusema kwamba shimo lile lilianza kuchimbwa pale getini, wakati bado lingeweza kuvukwa kwa hatua chache.

Hii ndiyo sababu tunasema geti lina uzito kuliko ukuta. Ukuta unaonyesha mpaka wetu uko wapi, lakini geti linaonyesha sisi ni watu wa namna gani. Desturi yetu ya kupiga hodi ilitegemea kwamba ndani kuna sikio. Aliyeishiwa chumvi, aliyefiwa, mama aliyeshikwa na uchungu usiku, wote walipiga hodi wakasikiwa. Tena aliyevamiwa alipiga yowe, na majirani wakaja. Tujiulize kwa uaminifu: ukuta mrefu uliomzuia mwizi asiingie, je, haukuwazuia pia majirani wasisikie yowe letu? Wengi wanaojifungia kwa hofu hujikuta wamepungukiwa na ulinzi uleule walioutafuta.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, kabla ya kuchimba msingi, tuwaite majirani wa pande zote tutembee mpakani pamoja, mchana, watoto wakiwepo ili nao wakumbuke. Pili, tuulize swali moja: nani anapita hapa, na anakwenda wapi? Tukipata njia ya watu, tuiachie nafasi pembeni hata kama ni ya mtu mmoja mwenye ndoo, au tuweke mlango mdogo wenye saa zake zilizokubaliwa. Tatu, makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, maana warithi hawarithi kumbukumbu zetu. Nne, tukishindwa kuelewana, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Kwenda huko kabla ya hasira si aibu kwa Mkristo. Na wazee wa kanisa wawe tayari kuitwa, wasingoje mpaka watu wawili wasusiane Meza ya Bwana.

Wenzetu Wachagga wa Kilimanjaro wana desturi inayotufundisha. Mpaka wa kihamba huoneshwa kwa mmea wa sale. Na mtu aliyemkosea mwenzake akitaka kuomba msamaha, huchukua jani la sale hilohilo akaenda nalo. Mmea unaosema hapa ni mwisho wangu ndio unaosema nisamehe, ndugu yangu. Mpaka wenye mapatano ndani yake hauna haja ya vipande vya chupa.

Neno hili linatuhusu pia kama usharika. Viwanja vya kanisa navyo vinahitaji kuzungushiwa, maana mali ya kanisa huibwa na mipaka yake huingiliwa. Lakini kabla baraza la wazee halijapitisha bajeti ya matofali, na litembee mpakani kama tulivyosema. Kama watoto wa shule wanakatiza uwanjani kwetu, kama kuna mama anayepita nyuma ya kanisa na mzigo wa kuni, awe Mlutheri, Mkatoliki au Mwislamu, njia yake iwe katika ramani yetu. Ikiwa kanisa litafunga njia kwa hati halali, kesho mchungaji atasimama vipi kufundisha amri ya tisa?

Yohana aliuona mji mtakatifu ukiwa na ukuta mkubwa na mrefu. Katika Ufunuo 21 ukuta haukuondolewa. Lakini ukuta ule una malango kumi na mawili, matatu kila upande, na malango hayo hayafungwi mchana, na usiku haupo huko. Sisi bado tunaishi mahali penye usiku, kwa hiyo tutaendelea kufunga mageti yetu jioni, na Mungu anajua sababu. Asubuhi inapofika, tuyafungue, tutazame nje kuna nani, na tumsalimu.